Mjumbe Hauawi: Sensa za Injini na Adabu ya Kutafuta Ubovu

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Walikusudia kutuonya tusimwadhibu mleta habari kwa sababu tu habari yenyewe haitupendezi. Onyo hilo lilitolewa kwa ajili ya wanadamu, lakini siku hizi lafaa kutundikwa pia katika ukuta wa kila gereji, kwani ni wajumbe wachache wanaouawa bila hatia kama sensa za injini ya gari. Taa ya injini huwaka; mashine ya kusomea hitilafu huchomekwa; namba hutokea, na pamoja na namba hiyo jina la sensa fulani. Papo hapo mwenye gari hutumwa dukani kununua sensa mpya. Taa isipozimika, hutumwa tena kununua nyingine.

Makala haya yana shabaha ya kutetea jambo moja: namba inayosomwa katika mashine ni ushahidi, wala si hukumu. Kati ya ushahidi na hukumu pana kazi ya kupima na kufikiri, na kazi hiyo hairukwi bila hasara. Aidha, kazi hiyo ni sayansi ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Kwa hiyo walimu na wanafunzi wa sayansi wana neno la kusema katika jambo ambalo aghalabu huachiwa makanika peke yake.

Sensa ni kitu gani?

Katika magari yaliyotumia kabureta, kiasi cha petroli kilichochanganyika na hewa kilitegemea ukubwa wa vitundu, mvuto wa hewa, na skrubu iliyokazwa kwa mkono na sikio la fundi. Mwaka 1967 kampuni ya Volkswagen ilianza kuuza magari yaliyotumia mfumo wa Bosch ulioitwa D-Jetronic, ambamo petroli ilipulizwa kwa nozeli zilizofunguliwa kwa umeme. Tangu hapo njia hiyo imeenea na kukamilishwa, hata leo gari dogo la kawaida linaloingia nchini kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika hubeba kompyuta inayoamua, mara nyingi katika kila sekunde, nozeli ifunguke kwa muda gani na plagi itoe cheche wakati gani.

Kompyuta hiyo haina macho wala ngozi. Haiwezi kujua kwamba maji ya rejeta yamechemka, wala kwamba hewa inayoingia ni nyingi au ni haba, isipokuwa iambiwe. Sensa ndiyo inayoiambia. Kila sensa ni chombo kinachogeuza jambo la kimaumbile, kama vile joto, mkandamizo, mwendo, au wingi wa oksijeni, kuwa jambo la umeme linaloweza kupimwa kwa volti. Kwa lugha iliyo nyepesi, sensa ni mjumbe na waya ni njia yake. Na kompyuta ni mwenyeji anayepokea habari na kutenda kwa kadiri alivyoambiwa.

Mara tu tunapoyatenga mambo haya matatu, yaani mjumbe, njia na mwenyeji, pamoja na jambo la nne ambalo ni ile hali yenyewe inayoripotiwa, twaona mara moja kwamba habari mbaya yaweza kuwa na asili nne. Huenda mjumbe ni mwongo. Huenda ni mkweli, lakini njia imekatika. Huenda vyote viwili ni vizima, lakini mwenyeji hasikii. Na huenda, jambo linalosahauliwa kuliko yote, mjumbe anasema kweli tupu, na injini ndiyo mgonjwa.

Mfano wa sensa ya joto

Tuchukue sensa ya joto la maji ya injini, kwa sababu ndiyo iliyo nyepesi kuelezwa na ndiyo inayofaa zaidi darasani. Mwaka 1833 Michael Faraday alitambua kwamba ukinzani wa salfaidi ya fedha hupungua inapopashwa moto, kinyume cha metali, ambazo ukinzani wake huongezeka. Maada ya namna hiyo leo twaiita nusu-kipitishi, na kipande chake kilichotengenezwa kwa ajili ya kupimia joto huitwa themista. Ndani ya ile ncha ya shaba nyeupe au nyekundu iliyozama katika maji ya injini mna themista moja ndogo, na hicho ndicho kiini cha sensa nzima.

Katika sensa nyingi za aina hii, ukinzani huwa karibu omu 2,500 maji yakiwa na nyuzi 20 za Sentigredi, na hushuka hadi karibu omu 300 maji yakifikia nyuzi 80. Kompyuta hutoa volti 5 kupitia kikinzani kisichobadilika kilichomo ndani yake, kisha hupima volti zilizobaki penye sensa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba kikinzani hicho ni cha omu 2,500. Injini ikiwa baridi, ukinzani wa ndani na wa sensa ni sawasawa, nazo volti hugawanyika nusu kwa nusu: kompyuta husoma volti 2.5. Injini ikipata moto, volti 5 hugawanywa kwa uwiano wa 300 kwa 2,800, na kompyuta husoma karibu volti 0.54. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya Ohm hahitaji elimu nyingine ili ayaelewe hayo.

Sasa tutazame kinachotokea waya ukikatika. Mkondo haupiti, kwa hiyo hapana volti zinazopungua katika kikinzani cha ndani, na kompyuta husoma volti 5 kamili. Kwa kuwa volti nyingi maana yake ni baridi, kompyuta huambiwa kwamba maji yana baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri au karibu na hapo, hata gari likiwa Dodoma saa saba ya mchana. Waya mbili zikigusana, volti hushuka hadi sifuri, na kompyuta huambiwa kwamba maji yana joto kupita nyuzi 130. Watengenezaji walijua kwamba hali zote mbili haziaminiki, na kwa hiyo waliiagiza kompyuta iwashe taa na kuhifadhi namba ya hitilafu.

Namba hizi zina historia yake. Wenye mamlaka wa jimbo la California, wakisumbuliwa na moshi wa magari, walidai magari ya miaka ya mwisho ya 1980 yajichunguze yenyewe. Na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ilitaka mfumo mmoja, wenye soketi moja ya pini 16 na orodha moja ya namba. Katika orodha hiyo, P0118 huhusu sensa ya joto la maji. Lakini tusome vizuri inachosema. Haisemi kwamba sensa imekufa. Husema kwamba volti katika sakiti ya sensa hiyo zimezidi kiasi kinachoaminika. Sensa iliyokatika ndani huleta namba hiyo. Waya ulioguguniwa na panya huileta. Soketi iliyoliwa na kutu huileta. Sensa iliyosahauliwa kuchomekwa baada ya matengenezo huileta pia. Anayelisoma jina la sensa na kuliacha neno sakiti amesoma nusu ya barua.

Ubovu unaofanana na kweli

Mfano wa hapo juu ni wa sensa iliyonyamaza. Ulio mgumu zaidi ni wa sensa inayosema kweli isiyopendwa, na katika nchi zetu tuna kielelezo chake kila siku. Katika injini mna valvu ndogo iitwayo themostati, ambayo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto unaostahili. Gari linapochemsha, mafundi wengi huing'oa themostati na kuitupa, wakisema kwamba hii ni nchi ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Maneno hayo huvutia, lakini si sahihi. Injini hutakiwa kufanya kazi katika joto la karibu nyuzi 90, na hata mchana wa Dar es Salaam hauzidi sana nyuzi 30; kwa hiyo ni nyuzi 60 ambazo injini lazima ijipatie yenyewe, huku maji yakipoozwa muda wote kwa upepo wa barabarani.

Nini hufuata? Gari likienda mwendo wa kasi katika barabara kuu, maji hubaki na nyuzi 60 au 65. Sensa hulipoti hivyo kwa uaminifu. Kompyuta, ikidhani kwamba injini ingali inapata moto, huendelea kuongeza petroli kidogo, kama alivyofanya dereva wa zamani aliyevuta choki asubuhi. Matumizi ya petroli hupanda, na katika magari mengi namba P0128 huhifadhiwa, ambayo maana yake ni kwamba maji hayafikii joto la themostati. Mwenye gari huenda gereji, fundi huona habari za joto la maji, sensa hubadilishwa. Sensa mpya hutoa habari ile ile, kwa sababu habari ni ya kweli. Hapo ndipo mjumbe wa pili huuawa, na wakati mwingine wa tatu, ilhali mkosaji amelala katika lundo la vyuma chakavu.

Sensa ya oksijeni huonewa vivyo hivyo. Sensa hiyo, ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1976 na ambayo magari ya Volvo yaliyouzwa California yalitangulia kuitumia, imesimama juu ya kanuni iliyotolewa na Walther Nernst mwaka 1889. Kauri ya zirkonia, ikipata moto wa kiasi cha nyuzi 300 na zaidi, hupitisha ioni za oksijeni; na endapo upande mmoja wa kauri una hewa safi na upande wa pili una moshi wenye oksijeni haba, volti huzaliwa baina ya pande mbili. Petroli ikizidi, sensa hutoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, hutoa karibu volti 0.1. Mpaka wa katikati ni pale ambapo kila kilo moja ya petroli imepata karibu kilo 14.7 za hewa. Katika sensa za aina hii, volti hupanda na kushuka bila kukoma injini ikiwa na moto, kwa kuwa kompyuta husahihisha mchanganyiko huku na huku. Aina mpya zaidi, zinazopima kwa upana, hutoa habari zake kwa njia nyingine, wala hazipimwi kwa kipimo hiki.

Namba P0171 husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno. Wengi hukimbilia sensa ya oksijeni. Lakini tuseme mpira unaopitisha hewa, kati ya kipimo cha hewa na injini, umepasuka. Hewa inayoingia kwa ufa haikupimwa. Kwa hiyo petroli iliyotolewa haikutosha. Kwa hiyo oksijeni imebaki katika moshi. Na kwa hiyo sensa imesema kweli. Hapa ndipo akili hufanya kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya peke yake. Ufa huleta kasoro kubwa zaidi injini inapozunguka polepole gari likiwa limesimama, kwa kuwa wakati huo hewa iliyopimwa ni kidogo na ile ya wizi ni sehemu kubwa ya jumla. Injini ikizungushwa kwa kasi, kasoro hupungua. Kinyume chake, pampu ya petroli iliyochoka huonyesha udhaifu wake pale gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Namba ni moja, lakini dalili mbili tofauti hutenganisha wakosaji wawili. Wahenga walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili ukuta ni ghali, kwani injini inayokwenda na mchanganyiko mbaya kwa muda mrefu huweza kuharibu kisafishio cha moshi, kile ambacho mafundi hukiita masega.

Utaratibu unaofaa

Haitoshi kulaumu, inafaa kuonyesha njia. Turudi kwa gari lenye namba P0118, na kompyuta yake inayosema kwamba maji yana nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kwanza, tazama kwa macho. Soketi imechomekwa? Ina kutu, au maji, au pini iliyopinda? Waya umeungua penye ekzosi? Sehemu kubwa ya hekima ya mafundi wazee ni subira ya kutazama kabla ya kushika spana.

Pili, chomoa soketi ya sensa injini ikiwa baridi, na upime ukinzani wa sensa yenyewe kwa multimita. Ikionyesha karibu kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo kwa joto la siku hiyo, sensa haijathibitika kuwa mbovu. Ikionyesha ukinzani usio na mwisho, imekatika ndani.

Tatu, washa swichi bila kuwasha injini, na upime volti katika soketi upande wa waya. Volti 5 zikiwapo, njia na mwenyeji wana uhai. Zisipokuwapo, sensa mpya haitasaidia kitu.

Nne, kwa sensa ya waya mbili ya aina hii, unganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya huku ukitazama mashine ya kusomea. Hapana hatari kwa kompyuta, maana kikinzani cha ndani hakiruhusu mkondo mkubwa. Kwa mfano wetu, volti 5 zikigawanywa kwa omu 2,500 ni ampea 0.002 tu. Kipimo kikiruka kutoka baridi kali hadi joto kali, basi waya na kompyuta ni vizima, na sensa ndiyo yenye hatia. Kisiporuka, ubovu uko kwenye waya au kwenye kompyuta. Mikono iwekwe mbali na feni, kwa kuwa magari mengi huwasha feni yenyewe sensa hiyo inapokosekana. Jaribio hili lisifanywe katika sensa nyingine yoyote bila kusoma kitabu cha gari.

Baada ya hayo, na si kabla, sensa hubadilishwa. Injini iachwe ipoe kabisa, kwa sababu maji ya rejeta yenye moto na mkandamizo huweza kumbabua mtu vibaya. Sensa mpya nayo ipimwe kabla ya kufungwa. Upya wake katika boksi si ushahidi wa uzima wake. Ifungwe pamoja na mpira au washa yake mpya, ikazwe kwa kiasi, maji yajazwe, na hewa iliyonaswa itolewe. Kwani sensa iliyozungukwa na povu la hewa badala ya maji hutoa habari za uongo ingawa ni nzima. Mwishowe namba ifutwe, gari liendeshwe mpaka lipate moto, na kipimo kitazamwe tena. Kazi ambayo matokeo yake hayakuhakikiwa haijakwisha.

Hoja za upande wa pili

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wasomi: fundi ana magari sita yanayomngoja, mwenye gari ana haraka, na hakuna anayekubali kulipa fedha kwa ajili ya kupimwa tu bila kuona kifaa kipya mkononi. Hoja hii si ya kudharau. Ni kweli kwamba mteja hulipa kwa moyo mkunjufu anapoona kifaa, na hunung'unika anapoambiwa kwamba amelipia saa moja ya kufikiri. Lakini hilo ni kosa la mteja, na dawa yake ni elimu. Anayekataa kulipia kipimo hulipia dhana, na dhana tatu zilizonunuliwa katika maduka ya Gerezani au ya Grogan ni ghali kuliko kipimo kimoja.

Wengine watasema kwamba kubadilisha kifaa ni namna mojawapo ya kupima. Nakubali, kwa sharti. Fundi akichukua sensa aliyokwisha kuihakikisha kuwa ni nzima, akaifunga kwa muda, akaandika kilichobadilika na kisichobadilika, kisha akarudisha ile ya kwanza ili aone kama ubovu unarudi pamoja nayo, huyo amefanya jaribio la kisayansi ambalo mwalimu yeyote atalipa alama. Lakini akibadilisha sensa, plagi na fyuzi siku moja, taa ikazimika, hakuna ajuaye ni kipi kilichoponya. Na ubovu ukirudi baada ya wiki, hakuna kilichojifunzwa. Tofauti haiko katika spana. Iko katika swali lililoulizwa kabla ya kushika spana.

Ipo pia hoja ya watu waliokata tamaa, wanaoziba taa kwa gundi nyeusi au kuichomoa balbu yake. Hao wamemwua mjumbe kabla hajafungua kinywa. Tukumbuke kwamba taa ile haikuwekwa kwa ajili ya mfuko wa mwenye gari tu. Iliwekwa kwa ajili ya hewa anayovuta kila mtu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa katika eneo hili; mwaka 2021 Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiacha. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, nayo huua pia sensa ya oksijeni na masega. Kuondoka kwake ndiko kulikowezesha vifaa hivi kudumu katika magari yetu. Itakuwa ajabu tukiipoteza faida hiyo kwa uzembe wa kutosoma taa.

Wajibu wa shule

Twasema mara kwa mara kwamba shule hazina vifaa vya sayansi. Ni kweli, lakini penye miti hapana wajenzi. Katika kila mji wetu kuna gereji, na katika kila gereji kuna sensa za joto zilizotupwa, nyingine zikiwa nzima kabisa kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Mwalimu wa fizikia akizipata tano, akawa na multimita moja, themometa moja, sufuria ya maji na jiko, ana somo la wiki mbili.

Wanafunzi wazamishe ncha ya chuma tu, pini zisiingie majini; wapime ukinzani kila joto linapopanda nyuzi 10, kuanzia maji ya mtungini hadi yanayokaribia kuchemka; kisha wachore grafu. Wataona mkunjo, wala si mstari ulionyooka, na watauliza kwa nini. Wale wa kidato cha tano na cha sita wachore logi asilia ya ukinzani dhidi ya kinyume cha joto katika vipimo vya Kelvin: mkunjo utageuka kuwa mstari, ambao kwa namba tulizozitaja hapo juu mteremko wake ni karibu 3,650. Baada ya hapo mwalimu aunge sakiti yenye betri, kikinzani na sensa, aukate waya mmoja mahali palipofichwa kwa utepe, na awaambie wanafunzi: tafuteni ubovu, lakini hamna ruhusa ya kubadilisha kitu chochote mpaka mwandike mnadhani ni nini, ni kipimo gani kitakachothibitisha dhana yenu, na ni kipimo gani kitakachoikanusha.

Hiyo ndiyo nadharia tete, na hilo ndilo jaribio. Kijana aliyefunzwa hivyo hataishia katika magari. Akiwa tabibu, hataitibu homa kabla ya kuuliza imetoka wapi. Akiwa bwana shamba, hataiona njano ya majani na kumwaga mbolea papo hapo. Akiwa mtunga sera, hatailaumu takwimu kwa sababu imemletea habari chungu.

Kwa upande wa vyuo vya ufundi, napendekeza mtihani usiishie katika kumtaka mwanafunzi ataje jina la kifaa na mahali kilipo. Apewe gari lenye ubovu uliopandwa, na alama zitolewe kwa mpangilio wa vipimo vyake kabla ya kutolewa kwa kuligundua jawabu. Kwa upande wa gereji, hati ya malipo ionyeshe kilichopimwa na kiasi kilichosomwa, na kifaa cha zamani kikabidhiwe kwa mwenyewe. Na kwa upande wetu wenye magari, tuzoee kumwuliza fundi swali moja la adabu kabla ya kutoa fedha: umejuaje?

Swali hilo ni dogo, nalo halimvunjii heshima fundi mzuri. Bali humpa nafasi ya kuonyesha uhodari wake. Anayeweza kulijibu kwa vipimo anastahili kulipwa zaidi ya tunavyomlipa sasa. Asiyeweza kulijibu anatutaka tumwamini kwa jina lililoandikwa kwenye kioo cha mashine; na kioo hicho, kama tulivyoona, husema tu kwamba kuna habari katika waya fulani. Ni juu yetu kuisikiliza habari hiyo mpaka mwisho wake.